Uliza Fundi: Mayai yana siku 14, kioo kinasema siku ya 1

Mwakeye wasomaji. Barua za mwezi huu nimezisomea hapa kibandani Mwanga, meza imejaa bodi za Arduino za watu, zile kompyuta ndogo za kuprogramu za kuendeshea vifaa, na karibu zote ni ugonjwa mmoja umevaa nguo tofauti, bodi inafanya kazi vizuri mezani ikipelekwa kazini inazingua. Na kila mtu anamalizia na "programu nimeshaikagua mara kumi". Mimi nawaamini kabisa, programu zenu nyingi ziko sawa, tatizo ni umeme unaofika kwenye chipu pale mzigo unapowaka, na kati ya wote walioandika aliyeweka multimita (kile kipimo cha volti) muda ule ule bodi inapogoma ni mmoja tu, tena ni mwanafunzi, barua yake iko mwisho. Wengine mmepima ikiwa imetulia. Bodi ikiwa imetulia hata chaja mbovu inaonyesha volti 5.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfugaji niko Ujiji, nimetengeneza inkubeta ya mayai 60, natumia Arduino Uno ya Kichina, sensa ya joto na unyevu ya DHT22, kioo cha LCD cha mistari miwili, rilei nne (swichi zinazowashwa na bodi) na sevo ya MG996R, mota ndogo ya kugeuzia trei. Umeme natoa kwenye chaja ya simu imeandikwa 2A naingiza kwenye USB. Kila sevo ikigeuza trei kioo kinafifia, bodi inazima na kujiwasha, na hesabu ya siku inarudi siku ya 1. Mayai yana siku 14 kioo kinasema siku ya 1! Saa nyingine feni ya umeme wa ukutani ikizimwa na rilei kioo kinajaa vialama vya ajabu ila hapo hesabu haipotei. Mzao wa kwanza nilipata vifaranga 19 tu, wengi walikufa ndani ya ganda. Bodi nimebadilisha mara mbili na ya tatu ni vile vile.

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hasara. Kwanza zile bodi mbili ulizozitoa kaziokote, nina uhakika mkubwa ni nzima.

Una magonjwa mawili na umeyatenganisha mwenyewe vizuri tu bila kujua, kwenye moja hesabu inapotea na kwenye lingine haipotei. Tuanze na la kwanza.

Fuata njia ya umeme kwa kidole. Unatoka kwenye chaja, unapita kwenye waya wa USB, unaingia kwenye bodi, na pale mlangoni karibu na tundu la USB kuna fyuzi ndogo bapa inayojirudisha yenyewe, kwenye Uno ni ya miliampia 500, yani nusu ampia basi. Ukipitisha zaidi ya hapo inapata moto, ukinzani wake unapanda, volti zinazobaki upande wa pili zinashuka, ikipoa inarudi kama hakuna kilichotokea, ndo maana hukuona kitu kilichoungua. Kutoka hapo umeme unaenda pini ya 5V halafu kwenye vile viwaya vya jampa vyembamba mpaka kwenye sevo. Sasa MG996R ikibanwa na mzigo inaweza kuvuta mpaka ampia 2 na nusu, na trei ya mayai 60 siyo karatasi, yai moja lina gramu 50 mpaka 60 kwahiyo hapo una kilo 3 na kitu kabla hujahesabu trei yenyewe. Weka na rilei nne ambazo kila koili inakula kama miliampia 70. Vyote hivyo unataka vipite kwenye mlango wa nusu ampia! Hata chaja ingekuwa ya 10A mlango ni ule ule, na hizi chaja za mtaani zilizoandikwa 2A nimeshapima nyingi zinalegea kabla hata ya ampia moja.

Nimekuigizia hapa mezani na Uno ya aina yako na sevo ile ile. Ncha nyeusi ya multimita kwenye GND, yani graundi, nyekundu kwenye pini ya 5V, siyo kwenye chaja, siyo kwenye waya, kwenye pini yenyewe. Imetulia ilisoma 4.86. Sevo ilipoanza kuzunguka ikashuka 4.41. Nikaushika mkono wa sevo kwa vidole usitembee, kama vile trei imekwama, namba ikaanza kuteremka 4.2, 4.0, 3.9, taa ya bodi ikafifia na kioo kikazima. Na ujue multimita inabadilisha namba mara mbili tatu tu kwa sekunde, mishtuko mifupi haiioni, kwahiyo ukiona 4.4 elewa kuna vipindi imeshashuka chini ya hapo sana.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui. Chipu ya Uno, ile ATmega328P, ikikimbia megahezi 16 inataka karibu volti 3.8 ndo uiamini, lakini ulinzi wake wa kujizima volti zikishuka kwenye Uno umewekwa volti 2.7. Kati ya 3.8 na 2.7 ndo kwenye ushetani wenyewe, chipu haijazima na akili haina, inaweza kuruka mistari ya programu au kuacha rilei ya joto imewaka moja kwa moja. Kwahiyo mtu akikuambia "bodi yangu haizimi ila inafanya mambo ya ajabu" usikimbilie kumwambia ana virusi.

Na vifaranga sasa. Mayai ya kuku ni siku 21, kugeuza kunatakiwa kuachwa siku tatu za mwisho kuanzia siku ya 18 ili kifaranga ajipange vizuri atoboe ganda. Mashine yako haijawahi kuifikia siku ya 18 maishani mwake, kila ikigeuza inasahau, kwahiyo imekuwa ikiwabinua mpaka dakika ya mwisho. Sishangai walifia ndani.

Dawa yake ni hii, sevo ipe chakula chake. Tafuta paua saplai ya volti 5 ampia 3 au zaidi, waya zake nene na fupi ziende moja kwa moja kwenye sevo bila kupita kwenye bodi, na rilei nazo zile humo humo. Kwenye bodi ubaki waya wa kuamrisha tu. Ila graundi ya saplai mpya lazima iungane na graundi ya Arduino, usipounga sevo itatetemeka kama mtu mwenye malaria na utakuja kuniandikia tena. Kama huna hela ya saplai mpya, saplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa ubao mama huwa bado ina uhai, waya mwekundu ni 5V, mweusi ni graundi, na ili iwake ule wa kijani uunganishe na mweusi. Hiyo ina ampia za kumwaga, angalia tu usipige shoti maana waya wa jampa unaweza kuwaka kweli.

Halafu najua kuna mtu atakwambia "weka kapasita tu kaka inatosha". Kapasita, kale kakopo kanakotunza umeme kidogo, ni nzuri, weka ya maikrofaradi 1000 volti 16 karibu kabisa na sevo, mstari mweupe ubavuni ndo hasi na ukigeuza inapasuka usoni. Lakini piga hesabu, kapasita ya 1000 ikitoa ampia 1 kwa milisekunde moja tu inakuwa imeshashuka volti 1 nzima. Sevo yako inageuza trei kwa sekunde mbili tatu. Kapasita inaziba mshtuko wa kuanzia, haiwezi kulisha mota, anayetibu saplai dhaifu kwa kapasita anapaka rangi ukuta uliolowa.

Hesabu ya siku pia iandike kwenye EEPROM ya chipu, ile kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, maana hata ukirekebisha haya yote umeme wa ukutani nao unakatika kama unavyojua wewe mwenyewe. Sehemu moja ya EEPROM inavumilia kuandikwa mara 100,000, ukiandika mara moja kwa saa utafika zaidi ya miaka 11. Kama una hela kidogo nunua saa ya DS3231 yenye kibetri chake, itakumbuka tarehe hata bodi ikizimwa wiki nzima.

Ugonjwa wa pili, vialama vya ajabu. Hapo volti hazijashuka, ni kelele. Feni ina koili, rilei ikikata umeme wa koili inatoka cheche ndogo kwenye vidole vya rilei (vibati vinavyogusana ndani yake), na ile cheche inarusha mawimbi yanayoingia kwenye waya za kioo kama vile ni antena. Kioo kinachanganyikiwa, chipu iko salama, ndo maana hesabu haipotei. Kuhakikisha ni rahisi, chomoa inkubeta ukutani kabisa, tenganisha waya za feni, washa bodi peke yake uache rilei ibofye ikiwa haina kitu. Vialama vikikoma, ni feni. Vikiendelea, bado ni saplai. Dawa ya kelele ni rezista ya ohmu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 zikiwa zimefuatana, ziwekwe sambamba na vidole vya rilei, na hiyo kapasita iwe ile ya mraba yenye maandishi X2 na 275V, siyo yoyote tu, hiyo inakaa kwenye umeme wa ukutani masaa 24. Kwenye blenda mbovu na saplai za kompyuta utaipata. Waya za umeme wa ukutani zipite upande wao na za kioo upande wao, mashine nyingi nilizoletewa hapa zimefungwa zote fungu moja na tai za plastiki, zinapendeza sana machoni, ndo ugonjwa wenyewe huo.

SWALI: Fundi, mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Kijana wangu alinifungia kifaa kwenye mtumbwi, kinawasha taa na kuzizima moja moja, kina kioo kinaonyesha betri imebaki kiasi gani. Kinatumia betri ya volti 12 ya sola, amechomeka kwenye lile tundu la mviringo. Jioni kinawaka vizuri, kama nusu saa kinazima kioo na taa, tukikaa kidogo kinawaka chenyewe. Kijana amerudi chuo na simu yake haipatikani. Kimekufa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hakijakufa, kimechoka joto.

Kwenye bodi karibu na hilo tundu la mviringo kuna kidude cheusi cha miguu mitatu chenye mgongo wa bati, kazi yake kushusha volti 12 kuwa 5. Kinashusha kwa njia ya kizamani, zile volti zinazozidi kinazigeuza joto. Betri yako ikiwa imejaa inatoa kama 12.6, ndani ya bodi kuna dayodi inakula karibu 0.7, kwahiyo kidude kinapokea karibu 12 na kinatakiwa kutoa 5, zilizobaki 7 ni moto. Kifaa chako chenye rilei na kioo nakadiria kinavuta ampia 0.3, 7 mara 0.3 ni wati 2 na kidogo. Kwa kidude cha ukubwa wa punje ya mhindi bila hata bati la kupozea hizo ni nyingi, kinafika joto lake la mwisho kinajizima ili kisiungue, upepo wa ziwa ukikipoza kinarudi. Jaribu kukisogelea kwa kidole kikizima, sogelea tu usikibane, utaelewa.

Kwenye maandishi ya hizo bodi wanasema tundu hilo linapokea volti 7 mpaka 12, watu wanasoma hapo wanaona 12 ipo basi wanachomeka. Ni kweli inapokea, ila ukivuta umeme mwingi 12 ni mateso, na mchana sola ikichaji betri inapanda mpaka 14.4 ndo mbaya zaidi.

Mwambie kijana, au njoo nayo hapa, tuweke stepu dauni ya LM2596, kile kibodi kidogo chenye koili na skrubu ya shaba, hicho kinashusha volti kwa kukatakata umeme badala ya kuuchoma. Kabla ya kukiunganisha na kifaa unakifunga kwenye betri peke yake, unazungusha skrubu huku unatazama multimita mpaka isome 5.0, na usikate tamaa, ile skrubu inazungushwa raundi nyingi sana kabla namba haijaanza kusogea. Ikishasoma 5.0 ndo unapeleka kwenye pini ya 5V na GND, siyo kwenye tundu la mviringo tena. Kuanzia hapo fyuzi na kinga za bodi umezipita kwa nyuma, kwahiyo kosa moja la skrubu chipu imekufa, na usichomeke USB ya kompyuta huku betri imeunganishwa.

Faida nyingine ni betri. Kwa njia ya sasa kifaa kinavuta ampia 0.3 kutoka kwenye betri, usiku wa masaa 10 ni ampia-saa 3. Kwa stepu dauni, tuseme inapoteza sehemu moja kati ya tano, inakuwa kama ampia-saa 1.5. Kwa betri ya ampia-saa 7 hiyo tofauti unaiona kwenye taa kabla hakujapambazuka.

Na mzee, angalia vichwa vya betri na plagi zote, unyevu wa ziwa unaweka ile kutu ya kijani. Nimeletewa plagi kutoka kwenye mtumbwi mwezi uliopita, ukipima betri 12.5, ukipima mwisho wa waya taa zikiwa zimewaka 10.8, volti 1.7 zote zimeliwa na kutu ya ukubwa wa kucha. Tulikwangua kwa kisu tukapaka grisi nje ikapona hapo hapo. Subiri mbalamwezi mkiwa mmepumzika ndo ukilete, usije na kifaa wakati wa giza ukakosa usiku wa kazi kwa ajili yangu.

SWALI: Fundi habari, nipo Kasulu. Nimetengeneza alamu ya duka ya kunitumia meseji, Arduino na SIM800L, kile kibodi cha simu kinachowekwa laini. Ile taa yake inapepesa haraka haraka mara kadhaa, inazima kidogo, inaanza upya, haishiki mtandao kabisa. Cha ajabu nilipokuwa Kigoma mjini kwa shemeji ilikuwa inashika vizuri. Nimeiwekea 5V ikapata moto, nikaweka 3.3V ya Arduino ikawa mbaya zaidi.

JIBU: SIM800L imeshawalaza watu wengi njaa wewe siyo wa kwanza. Inataka volti 3.4 mpaka 4.4, yani 5 imezidi na 3.3 imepungua, na ile pini ya 3.3V ya Uno wanairuhusu miliampia 50 tu, hiyo ni ya sensa ndogo.

Lakini volti ni nusu ya habari. Unakumbuka zamani ukiweka simu karibu na redio, kabla haijaita redio inaanza tiriri-tiri-tiri? Ule ndo mlio wa simu ikirusha. Simu za 2G hazirushi mfululizo, zinarusha vipande vifupi karibu mara 217 kwa sekunde, na kila kipande SIM800L inaweza kudai ampia 2. Kipande chenyewe ni kama nusu milisekunde, multimita yako itakuonyesha 4.0 imetulia kabisa huku ndani volti zinaporomoka na kupanda.

Na hapo ndo jibu la shemeji wa Kigoma. Karibu na mnara moduli inaambiwa na mtandao ipunguze nguvu, inanong'ona tu. Ukienda mbali na mnara inabidi ipige kelele kwa nguvu zote, ndo inadai zile ampia 2, saplai dhaifu inaanguka, moduli inazima na kuanza upya. Ile taa ikiwa inatafuta mtandao inapepesa kama mara moja kwa sekunde, ikishika inapepesa taratibu kila sekunde 3. Ikipepesa, kimya, ikaanza upya, hiyo inazima na kuwaka, usihangaike kubadilisha laini.

Mimi huwa napenda betri moja ya lithiamu 18650, ile ya kwenye tochi kubwa na betri za laptopu, ikijaa ina 4.2, muda mwingi inakaa karibu 3.7, na inatoa ampia za kutosha bila kuchoka. Au stepu dauni uiweke 4.0, kapasita ya 1000 au zaidi pale pale kwenye miguu ya moduli, hapa kapasita inafanya kazi yake sawasawa kwa sababu kipande ni kifupi. Waya ziwe za sentimita chache na zilehemiwe, usitumie bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea waya bila kulehemu), vile vibati vyake vya ndani vinakula volti. Wengine wanapitisha 5V kwenye dayodi mbili za 1N4007 ipungue iwe kama 3.6, inafanya kazi ukibahatika, mimi siipendi kwa sababu moduli ikirusha kwa nguvu dayodi nazo zinakula zaidi na tayari uko pembezoni. Graundi zote ziungane kama nilivyomwambia mfugaji. Antena isukume nje ya boksi la bati, ukiifungia ndani ya bati itapiga kelele hata ukiwa chini ya mnara.

SWALI: Bodi inawaka taa lakini kompyuta haiioni kabisa, nimeinstoli kila kitu. Wa Gungu.

JIBU: Badilisha waya wa USB. Huo wako utakuwa ulikuja na taa ya kuchaji au spika, una waya mbili za umeme tu, zile mbili za data hazimo. Ukishapata waya mzima kama bado, ndo utafute draiva ya CH340, ile chipu ya USB iliyo kwenye bodi nyingi za Kichina. Huo wa kwanza ufunge fundo moja ukae ukijua ni wa kuchajia, mimi nina fundo la namna hiyo lilinipotezea Jumamosi nzima.

SWALI: Shikamoo fundi, mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Kigoma, tuna mradi wa kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya bustani ya shule. Natumia Arduino Nano na sensa moja, umeme wa pauabenki. Inawaka kama nusu dakika halafu inazima kabisa, ukibonyeza kitufe cha pauabenki inawaka tena nusu dakika. Nimepima kwenye pini ya 5V inasoma 5.08, 5.08, 5.08, halafu ghafla 0. Haishuki kidogo kidogo. Pauabenki imejaa. Nimejaribu na kompyuta haizimi. Maonesho ni wiki mbili zijazo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wewe ndo yule mmoja niliyemsema juu. Hiyo "ghafla 0, haishuki kidogo kidogo" ndo jibu lenyewe, umeshamaliza kazi mimi nimalizie tu. Umeme unaozidiwa unateremka kama ule wa mfugaji, 4.4, 4.2, 3.9. Umeme unaokatwa unaondoka mara moja. Kwahiyo hapo hakuna kilichozidiwa, kuna aliyekata, na aliyekata ni pauabenki.

Pauabenki imetengenezwa kwa ajili ya simu. Ikiona kinachovutwa ni kidogo sana inadhani simu imejaa au imechomolewa, inajizima kulinda betri yake. Nyingi zinakata zikiona chini ya miliampia 50 mpaka 100 hivi. Nano yako na sensa moja inavuta labda 30. Kwa hiyo shida yako ni kinyume cha wenzako wote, wao wanakula sana, wewe unakula kidogo mpaka unasahaulika mezani.

Kwa maonesho ya siku moja fanya ujinga unaofanya kazi, weka rezista ya ohmu 47 kati ya 5V na GND, itavuta karibu miliampia 106 na pauabenki itaendelea kuamini kuna simu. Inapoteza chaji bure, ila pauabenki ya miliampia-saa 10,000 itamaliza siku nzima bila shida. Kwa bustani yenyewe baada ya maonesho usiiache hivyo, tumia betri nne za AA za kuchaji, kila moja volti 1.2 jumla 4.8, uziunganishe pini ya 5V. Zisiwe zile za kawaida za dukani, nne zikiwa mpya zinapita volti 6 na chipu mwisho wake ni 6. Na bodi ilale muda mwingi, udongo haukauki kwa dakika, ikiamka mara moja kwa nusu saa inatosha.

Ya ohmu 47 iwe ya wati 1, ya nusu wati usiweke maana hapo joto ni wati 0.53 na itaungua mbele ya waamuzi. Ninazo hapa kibandani kwenye kopo la blubandi, pita na mwenzako mkitoka shule, na njoo na hiyo multimita niione ni ya aina gani.